Gusii na Minnesota: Nasaha kwa Mpwa Anayejiandaa Kusafiri

Keroka, Nyamira

Kwa mpwa mpendwa,

Maisha ya Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, na ya Minnesota, Marekani, hulinganishwa na wengi kwa kipimo kimoja tu, mshahara. Kipimo hicho hakitoshi. Anayetaka kujua ni wapi mtu anaishi vizuri zaidi huangalia pia matumizi, makazi, afya, elimu na uzee.

Kwanza ni mapato. Sehemu kubwa ya Wakenya wa Minnesota, hasa wa Brooklyn Park na Brooklyn Center karibu na Minneapolis, wana asili ya Kisii na Nyamira, na wengi wao huhudumia wagonjwa na wazee. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara katika jimbo hilo kilikuwa dola 11.13 kwa saa, yaani zaidi ya shilingi 1,400. Hakuna mchuma majani ya chai wa Kebirigo wala mwendesha bodaboda wa Suneka anayepata kiasi hicho kwa saa. Lakini dola hupatikana Minnesota na hutumika huko huko. Kodi ya nyumba hulipwa kila mwezi, gari halikwepeki, na gari haliruhusiwi barabarani bila bima. Usiku wa Januari baridi hupita nyuzi 10 chini ya sifuri, hivyo kupasha nyumba joto ni gharama isiyoahirishwa. Ndiyo maana wengi hufanya zamu mbili, na watoto huwaona wazazi kwa zamu.

Pili ni makazi na chakula. Gusii mtu hujenga kwenye shamba la familia na halipi kodi ya nyumba. Ndizi, mboga, maziwa na parachichi hutoka shambani au kwa jirani, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Tatizo ni ardhi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, zaidi ya 900 kwa kila kilomita mraba, na Nyamira 605,576. Shamba aliloliacha babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi baadhi ya vipande havifiki robo ekari. Kwa kijana asiye na kazi nyingine, kipande hicho ni mahali pa kulala tu, na bonasi ya chai haimtoshi.

Tatu ni afya. Marekani ina vifaa na wataalamu kwa wingi, lakini asiye na bima anaweza kubaki na deni la hospitali kwa miaka. Kenya, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na mwenye ajira hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Hospitali ya Rufaa ya Kisii huhudumia eneo lote, ila kwa maradhi makubwa familia bado hufanya harambee.

Nne ni elimu. Shule za serikali za Marekani hazitozi karo hadi mwisho wa sekondari, na basi humchukua mtoto karibu na nyumbani. Kenya, elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure mwaka 2003, lakini karo ya shule za bweni ndiyo humaliza bonasi ya mzazi wa Gusii. Katika hili Minnesota inashinda.

Mwisho ni uzee. Mfanyakazi wa Marekani huhitaji takriban miaka 10 ya kuchangia ili astahili pensheni ya serikali, na umri wa kuipata kikamilifu ni miaka 67 kwa waliozaliwa tangu 1960. Anayefanya kazi bila kibali halali hajengi haki hiyo. Kenya, mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wa miaka 70 na zaidi waliosajiliwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hiyo ni kidogo, lakini mzee wa Gusii huzeeka miongoni mwa watu wake. Minnesota wazee wengi hulelewa katika nyumba maalumu na watu wasio wa ukoo wao, baadhi ya walezi hao wakiwa Wagusii wenyewe.

Hukumu ni hii: Minnesota inamfaa mwenye nguvu, kibali halali na ujuzi, hasa wa uuguzi, anayetaka kusomesha watoto na kuweka akiba. Gusii inamfaa mwenye kipato cha wastani asiyedaiwa, na mzee mwenye akiba. Anayesafiri apige hesabu ya kinachobaki baada ya matumizi, wala si ya mshahara. Asiwalipe madalali kwa ahadi ya viza, na asiuze shamba la urithi ili kupata nauli. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mjomba wako