Nondo wa Mahindi ya Keumbu

Ukipanda matatu mjini Kisii kuelekea Keroka, msomaji wetu, shuka Keumbu. Usiishie sokoni, hata ndizi zikikutamanisha vipi. Mwombe mwenye shamba ruhusa, uingie katika mahindi yaliyofika magotini, uchungue majani machanga ya katikati. Ukiona vitundu vilivyopangwa mstari, kana kwamba mtu kapita na sindano, bungua yumo.

Si mgeni huyu. Wataalamu humwita Busseola fusca, na asili yake ni Afrika hii hii. Alikuwa akila mtama na nyasi za porini kabla mahindi hayajaletwa kutoka Amerika, naye hupenda nyanda za juu zenye ubaridi kama za Kisii.

Mzazi mwenyewe ni nondo wa kahawia arukaye usiku. Huishi siku chache tu, wala hagusi mahindi yako. Balaa ni watoto. Jike huficha mayai kati ya jani na bua. Baada ya wiki hivi viwavi huanguliwa, hupanda hadi kwenye moyo wa mmea, hula majani machanga, kisha hutoboa bua na kuhamia ndani. Ndiyo maana dawa iliyochelewa ni pesa ya bure: unabisha hodi mlangoni, mwenyewe yuko chumbani anakula. Mche mchanga hukauka moyo, na ugali wa nyumba nzima umepungua.

Kiangazi kikija, kiwavi hulala ndani ya bua kavu, pengine hata miezi 6, akingoja mvua. Mvua ikinyesha huwa pupa, kisha nondo, wakati ule ule mahindi mapya yanapochipua. Ukiacha mabua shambani umemjengea hosteli.

Miaka ya 1990 watafiti wa kituo cha wadudu cha ICIPE, huko Mbita kando ya Ziwa Viktoria, walianzisha mbinu ya "sukuma-vuta". Desmodiamu hupandwa katikati ya mahindi, na harufu yake humfukuza nondo. Nyasi za nepia huzungushwa pembeni kumvuta. Hutaga huko, lakini viwavi wengi hufa, kwani nepia hutoa utomvu unaowanasa. Kwa vishamba vyembamba vya Keumbu sijaona hila tamu kuliko hii, maana nepia na desmodiamu zote mbili huliwa na ng'ombe.