Sikio Halipiti Kichwa

Wahenga walisema, sikio halipiti kichwa. Methali hii hunenwa kumwasa mdogo asijifanye mkubwa. Lakini leo, msomaji mpenzi, nitaitumia kwa habari za mwili wenyewe, maana kichwa nacho husikia.

Usidhani nafanya mzaha. Ziba masikio yote mawili kwa vidole, fumba midomo, kisha vumisha wimbo kwa pua. Sauti haipungui, bali huzidi. Njia ya hewa imefungwa, nayo sauti imepita katika mifupa ya fuvu hata ikafika koklea, kiungo cha ndani ya sikio kilichojikunja kama konokono.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1855 tabibu wa Kijerumani, Heinrich Adolf Rinne, alieleza namna ya kupima usikivu kwa chuma chenye ncha mbili, kiliacho kikigongwa: hushikizwa kwanza kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, kisha huletwa mbele ya tundu lake. Mwaka 1977, mjini Gothenburg, Sweden, wagonjwa wa kwanza walitiwa skrubu ya titani katika fuvu ili chombo cha kusikilizia kishikamane nayo. Siku hizi viko visikizio visivyo na waya, vinavyokaa mbele ya sikio na kuutikisa mfupa, tundu la sikio likabaki wazi.

Mimi huvivaa nitembeapo jioni baada ya kazi. Nasikiliza habari, na papo hapo nasikia kengele ya baiskeli na honi ya matatu. Hiyo ni faida kubwa. Lakini mwanafunzi wangu mmoja alisema kwamba vyombo hivi havidhuru, maadamu havipitishi sauti katika kiwambo cha sikio. Nikamjibu: mgeni aingie kwa mlango wa mbele au wa uani, nyumba ni ile ile. Ndani ya koklea mna chembe zenye vinyweleo vidogo mno. Kelele kali huziua, ipite njia yoyote, na kwa mwanadamu zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa juma kwa mtu mzima. Kwa mtoto, desibeli 75.

Tena, sikio lililo wazi si lazima liwe linasikiliza. Moyo ukizama katika wimbo, honi italia bure. Kwa hiyo punguza sauti, na ukifika barabarani izime kabisa. Sikio la kufa halisikii dawa. Lako li hai bado, lilinde.