Chake hadi Kidike: siku moja na mtoto kisiwani Pemba

Tulianza na chai na mkate wa ufuta Chake Chake, tukaingia makumbusho yaliyo ndani ya ngome kongwe. Mpwa wangu wa miaka saba alichoka mapema. Sikumlazimisha, tukatoka.

Tukashika njia ya kuelekea Wete. Karafuu zilianikwa kwenye majamvi, harufu ikatusindikiza hadi Kidike. Juu ya miti popo wa Pemba walining'inia kama miavuli iliyokunjwa. Hawapatikani kwingine duniani. Zamani waliwindwa kwa kitoweo, nusura watoweke. Wanakijiji wakaamua kuwalinda, sasa ni maelfu.

Hapo mtoto akaokota embe lenye alama za meno. Lilikuwa karibu na mdomo nilipomdaka mkono. Mzazi, tunda lililoumwa na popo haliliwi hata likioshwa, maana mate yake yanaweza kuwa na vimelea. Na popo aliyeanguka hashikwi kwa mikono mitupu.

Alinuna kidogo. Jioni, bakuli la urojo mbele yake, nikamsikia akimweleza bibi yake: popo tunawatazama tu, embe tunachuma wenyewe.