Mlinzi wa Taka

Kazi yangu ya kwanza Dar es Salaam ilikuwa kuosha vyombo vya maabara. Nilitoka Kirongwe, Mafia, na cheti cha kidato cha nne, nikavuka kwa jahazi hadi Kisiju. Mkuu wa maabara aliyenipokea hakunieleza habari za vinasaba. Alinionyesha otoklevu, mashine ya kuulia vijidudu kwa mvuke, akasema, "Ofisi yako hii hapa." Nilikaa nayo hadi kustaafu.

Miaka ilivyosogea, watafiti wakaanza kuingiza jeni kwenye bakteria aina ya E. koli. Si wale wa kuharisha watu. Ni ukoo wa K-12, uliopatikana kwa mgonjwa huko California mwaka 1922, ukafugwa maabara hadi ukashindwa kuishi vizuri tumboni mwa binadamu. Mwaka 1975, wanasayansi walipokutana Asilomar kujadili hatari za kazi hii, Uingereza walikuwepo watu wa kujitolea waliokwisha kuwanywa bakteria hao. Haukupita muda wakatoweka tumboni. Kwa hiyo bakteria mwenyewe hakunitisha. Kilichonitisha ni mzigo aliobebeshwa.

Jeni mpya husafirishwa na plasmidi, kiduara kidogo cha DNA, na mara nyingi hufungwa pamoja na jeni ya usugu dhidi ya ampisilini. Mtafiti hutia dawa kwenye sahani, wakabaki hai waliopokea mzigo tu. Sasa ampisilini ndiyo hiyo hiyo anayoandikiwa mgonjwa, na plasmidi huweza kuhamia kwa bakteria wengine mferejini. Najua usugu umejaa mitaani tayari. Hiyo haikunipa ruhusa ya kuuongezea kupitia sinki letu.

Kila kilichogusa bakteria kilipita kwangu kwanza: sahani, ncha za pipeti, glovu, maji ya kusuuzia. Nyuzi 121 za Selsiasi. Zile dakika 15 za vitabuni ni za mzigo mdogo. Mfuko uliojaa hutaka nusu saa na zaidi, na ukiushindilia kama gunia la mbata, mvuke hauingii. Wengi hudanganywa na ule utepe unaobandikwa kwenye mfuko, wenye mistari inayogeuka myeusi. Utepe husema joto limefika nje ya mfuko, basi. Ukitaka kujua ya ndani, weka katikati ya mzigo kichupa cha spora, yaani mbegu sugu, za bakteria Geobacillus stearothermophilus, kisha ziatamishe. Zikiota, mzigo mzima unarudi.

Mgao wa umeme wa 2006, na ule wa 2011, ulinikondesha. Umeme ukikatika katikati, hesabu haiendelei pale ilipokomea, unaanza upya. Ndiyo maana nililala maabara usiku mwingi nikingoja jenereta. Jioni moja mtafiti kijana alinitaka nimwage chupa zake kwa kuwa kazitia klorini. Kiasi gani, na saa ngapi? Hakujua. Mchuzi wa kulishia bakteria huila klorini, nguvu ikapungua. Na chupa yenye klorini huwezi kuitia otoklevu, itatoa gesi mbaya. Nikakataa. Akaniambia mimi mwosha vyombo. Tukaongeza klorini mpya, tukangoja wote wawili, amenuna.

Kanuni za usalama wa bioteknolojia zilitoka 2009, chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Ninazipenda, ila hazimwamshi mtu usiku.

Novemba 2018 serikali iliposimamisha majaribio ya mahindi ya GMO, yaliyobadilishwa jeni, huko Makutupora, Dodoma, shangazi yangu alisikia redioni. Nilipokwenda likizo akanikalisha barazani.

"Baba, na hao wadudu wenu, hawatoki?"

Nikamwambia, shangazi, sindano yako ya sukari ina asili kwa wadudu hao hao: insulini ya kwanza ya namna hiyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982, ilitengenezwa na E. koli, ikasafishwa asibaki hata mmoja. Akaitoa chupa kwenye mtungi anamoihifadhia, akaigeuza mwangani, akataka kujua kama huyo aliyewaua alingoja dakika zake zote.