Ajaye Badala

Katuni ya Kijapani iitwayo Pokémon ilianza mwezi wa Aprili 1997. Shujaa wake, Ash, alikuwa mtoto wa miaka 10. Miaka 25 ikapita, naye angali na miaka 10! Novemba 2022 alipopata ubingwa wa dunia, sisi vijana wa Nyamirambo hapa Kigali tulibishana sana: nani atashika mahali pake? Wengine walisema mwanawe. Wengine walisema pasipo Ash hapana hadithi. Desemba ikatangazwa kwamba anaondoka, na Aprili 2023 wakaingia Liko na Roy.

Ubishi ule ulinigusa, kwa kuwa mwaka huohuo kaka yangu alikwenda mbali kutafuta kazi, nami nikaachiwa wadogo zetu. Kila jioni walimlilia. Yeye alikuwa hodari wa kuwachekesha. Mimi sina kipaji hicho, basi nikawafundisha kusoma. Polepole wakanizoea, na kaka wangali wakimpenda.

Ndiyo maana nasema, ajaye asijifanye aliyetangulia, bali afanye kazi yake kwa moyo. Nanyi wanafunzi wa zamani, mliotuachia madawati haya, msitutafute kufanana nanyi. Tazameni kama tunasoma.