Siku Moja Baharini, Karibu na Mira ya Mtume Paulo

Jina la Mira tulilisikia shule ya Jumapili, kisha tukalisahau. Ndiko Mtume Paulo, akiwa mfungwa, alikohamishiwa meli ya Iskanderia iliyokuwa ikienda Italia, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume sura ya 27. Siku hizi mji huo unaitwa Demre, nao uko pwani ya kusini ya Uturuki. Tulifika huko mwezi wa Oktoba, akina mama 11 wa usharika mmoja wa Dar es Salaam, baada ya kuweka akiba kwa miaka mitatu. Siku ya kwanza tuliliona kanisa la Mtakatifu Nikolao, aliyekuwa askofu wa Mira katika karne ya 4. Siku ya pili ilikuwa ya bahari.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Kati yetu, waliojua kuogelea walikuwa wawili tu. Sisi wengine tumeishi Dar es Salaam zaidi ya miaka 20, lakini bahari tunaishia magotini, Jumatatu ya Pasaka, kanga tumeikunja mkononi. Sisi tulio wauguzi tulikuwa na sababu zaidi. Sikukuu moja tulipokea mtoto wa miaka saba aliyetolewa majini, shati lake jipya likiwa bado mwilini. Tulifanya yote tuliyofundishwa, lakini hakurudi. Tangu siku hiyo tuliwakataza watoto wetu kukanyaga maji, tukidhani tumewalinda.

Ngazi zilizozama

Tulipanda mashua ya mbao saa tatu asubuhi katika kijiji cha Üçağız. Mbele yake kuna kisiwa kirefu cha Kekova, kinachoikinga ghuba hiyo na mawimbi. Kando ya kisiwa nahodha alipunguza mwendo, tukaona magofu ya mji wa kale ulioshuka majini kwa matetemeko ya ardhi: kuta, milango iliyochongwa mwambani, na ngazi zinazoteremka hadi majini na kuendelea chini. Kwetu maji yakipwa, miamba hufunuka. Mediterania karibu haina kupwa wala kujaa, kwa hiyo ngazi zile zimezama moja kwa moja.

Ni marufuku kuogelea juu ya magofu hayo, ili yasiharibiwe. Tukasonga mbele na kutia nanga katika ghuba nyingine, maji maangavu hata tuliona mchanga chini.

Miwani na mrija

Tuligawiwa jaketi za kuokolea, miwani ya kutazamia chini ya maji, na mirija ya kupumulia. Tukaelekezwa kutema mate ndani ya kioo na kukisuuza ili kisifanye ukungu, kisha kuuma mrija na kupumua polepole kwa mdomo.

Wa kwanza kushuka alikuwa mkubwa wetu, bibi wa wajukuu wanne. Alipotia uso majini akashtuka, akameza maji, akaibuka akikohoa na kumwita Yesu. Sote tulipiga kelele arudi. Baharia mmoja alimshika mkono, akamwonyesha kwa ishara: lala, tulia. Mediterania ina chumvi zaidi ya Bahari ya Hindi, nayo humbeba mtu vizuri. Bibi akalala, maji yakamshika. Baada ya hapo nani angebaki juu?

Tulishuka mmoja mmoja. Tuliona samaki wadogo wakipita kwa makundi, majani ya bahari, na vile viumbe vyeusi vya miiba ambavyo hata kwetu huwachoma wavuvi. Lakini zaidi tulisikia pumzi zetu wenyewe ndani ya mrija, mwanzoni za haraka, kisha za utulivu.

Mchana tulikula samaki wa kuchoma, mkate na kachumbari, kisha tukapita Kaleköy, penye ngome juu ya kilima na kaburi la jiwe la kale lililosimama katikati ya maji.

Swali la njiani

Wakati wa kurudi tulisoma mwisho wa sura ile ya 27. Meli ya Paulo ilivunjika, ikiwa na watu 276. Akida aliamuru wanaojua kuogelea wajitupe kwanza. Wengine walishika mbao. Wote walifika nchi kavu. Mwenzetu mmoja akauliza, "Na watoto wetu tumewaweka kundi gani?" Hakuna aliyejibu.

Akina mama wenzetu, hofu yetu haimfundishi mtoto kuelea. Atafutiwe mwalimu. Akiwa majini, mtu mzima amtazame bila kuondoa macho, kwani anayezama mara nyingi hapigi kelele. Akitolewa majini hapumui, msimning'inize kwa miguu wala kumkamua tumbo. Huko ni kupoteza muda. Mpulizieni pumzi mdomoni na kumbana kifua mara moja, huku mwingine akiita msaada. Na mwenye ugonjwa wa moyo au tundu la sikio amwone daktari kabla ya kuvaa mrija.

Tangu turudi, watoto wetu wanakwenda kujifunza kila Jumamosi. Nasi tumejiandikisha. Wao tayari wanavuka bwawa; sisi bado tunashika ukingo, nao wanatucheka.