Magofu ya Kunduchi: Amana Iliyo Jirani

Kwa familia zinazoishi Madale, historia ya Uislamu wa pwani haiko mbali. Ukishapita Tegeta na kuingia Kunduchi, karibu na bahari, utayakuta magofu ya msikiti wa mawe ya matumbawe na chokaa, uliojengwa takriban karne ya 15. Paa halipo tena, na mibuyu imetanda juu ya uwanja wake.

Kando ya msikiti yapo makaburi ya karne ya 18 na 19, baadhi yakiwa na nguzo ndefu. Nguzo hizo zilipambwa kwa bakuli na sahani za kaure kutoka China, zilizofika kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Leo vyombo vingi vimeng'olewa, yamebaki mashimo matupu.

Aliyeng'oa bakuli hakuchukua pambo tu. Amevunja heshima ya maiti na kufuta ushahidi wa umma.

Wazazi, wapelekeni watoto Kunduchi. Wafundisheni kuwasalimu waliolala pale, kuwaombea dua, na kuondoka bila kugusa kitu. Amana hutunzwa na anayeijua.